Nguo zinanuka uvundo kabatini: maswali ya msimu wa masika

Swali: Kila masika nguo zinatoka kabatini zinanuka, viatu vya ngozi vimeota ukungu mweupe. Kabati ndo bovu?

Mara nyingi shida ni unyevu. Huku pwani, Dar, Tanga, Unguja mpaka Mombasa, mwezi wa 3 hadi wa 5 hewa yenyewe imeloa, halafu kabati limebanwa ukutani na limeshindiliwa nguo mpaka mlango haufungi, sasa hewa ipite wapi? Livute uangalie mgongoni. Hadibodi ya nyuma ikiwa imevimba na ina madoa meusi, huenda ukuta unapitisha maji, pengine bomba la bafu upande wa pili linavuja, na hapo hata ufute kila wiki ukungu utarudi tu. Ziba kwanza panapovuja.

Swali: Kwani huo ukungu unadhuru?

Ndio. Unatoa vumbi laini tunalivuta bila kuliona, wengine hawasikii kitu, wengine ni chafya, pua kuziba, macho kuwasha, na mwenye pumu anaweza kubanwa usiku. Ukiona ukisafiri unapata nafuu na ukirudi chumbani inaanza upya, mwambie daktari hivyohivyo. Ila mapunye usiusingizie ukungu wa kabatini, hayo yanatokana na fangasi wa aina nyingine, wanaambukizwa na watu au wanyama.

Swali: Nisafishe na jiki?

Sio lazima. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, toa nguo zote, futa kwa maji na sabuni (usikwangue ukungu mkavu, utalirusha lile vumbi), kisha acha milango wazi na feni ipulize humo mpaka pakauke kabisa. Ukitumia jiki usichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoka gesi inayochoma mapafu. Nguo fua, anika juani, shika pindo na mifuko kabla ya kuanua maana ndo zinachelewa kukauka, na ukipiga pasi iache ipoe kwanza ndo ukunje.

Swali: Udi je? Na vile vidonge vyeupe vya naftalini?

Udi unafunika harufu tu, na moshi wake unamsumbua mwenye pumu. Naftalini ni ya wadudu, haikaushi chochote, na hapa wazazi naombeni sana mnisikie: msiiweke kwenye nguo, shuka wala blanketi la mtoto mchanga. Huku kwetu watoto wengi wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike, na hakuna anayejua mpaka litokee la kutokea, mtoto anavishwa vile vinguo alivyoachiwa na kaka yake vilivyokaa na naftalini miaka, chembe nyekundu za damu zinavunjika, anakuwa wa njano, na manjano ikizidi inaharibu ubongo. Macho yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au amegoma kunyonya, mvue hizo nguo muwahi hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kumwanika jua la asubuhi, na mkifika mwambieni nesi kwamba nguo zilikuwa na naftalini.