Kichwa kilichobiringika hadi beisi ya pili

Jerry Coleman, mtangazaji wa miaka mingi wa San Diego Padres, timu ya besiboli ya Marekani, hutajwa sana kwa jinsi alivyomtangaza mlinzi wa nje Dave Winfield akikimbilia mpira uliopigwa: amerudi nyuma hadi ukutani, amejigonga kichwa, na sasa kinabiringika kuelekea beisi ya pili. Kilichobiringika kuelekea beisi hiyo, kituo cha pili kati ya vinne anavyopitia mkimbiaji, ni mpira, lakini Kiingereza hutumia kiwakilishi kilekile kwa mpira na kwa kichwa. Ngeli zetu zingemwokoa: mpira unabiringika, kichwa kinabiringika. Zisingemsaidia, hata hivyo, kwa Rich Folkers, mrushaji aliyekuwa akipasha mkono moto pembeni. Coleman alitaka kusema anarusha, maneno yakatoka kwamba anatapika.

Ralph Kiner, aliyeanza kuwatangaza New York Mets mwaka 1962, anasimuliwa kuwa alisema sevu zote za mrushaji fulani alizipata akiingia kama mrushaji wa akiba. Sevu, takwimu rasmi tangu 1969, hupewa mrushaji anayeingia baadaye na kumalizia mechi huku akilinda uongozi. Aliyeanza mechi hawezi kuipata. Ni kama kusema mabao yote ya mchezaji wa akiba aliyafunga baada ya kuingia uwanjani.

Hayo ni ya kuchekesha tu. Jicho liko kwenye mpira, mdomo unafuata nyuma. Kinachoniudhi ni kauli ya watangazaji inayosikika kama busara.

“Hajapiga hata moja leo, sasa lazima apate.” Mpigaji mwenye wastani wa .250 hukosa mara tatu katika nne. Akijaribu mara nne, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni 0.75 mara yenyewe mara nne, yaani karibu asilimia 32. Kukosa mara tatu hakumwekei akiba kwa ya nne.

Nyingine: mkimbiaji anakamatwa akiiba beisi ya pili, yaani akiikimbilia kabla mpira haujapigwa, kisha mpigaji anapiga homurani, pigo linalompa mkimbio (pointi) yeye na kila aliye kwenye beisi. “Asingeiba, ingekuwa mikimbio miwili!” Nani kasema? Mkimbiaji akiwa beisi ya kwanza, mrushaji hufupisha mwendo wake wa kurusha, humtazama mwizi, na pengine huchagua mpira wa aina nyingine. Homurani ile haikuwa imewekwa kabatini ikisubiri.

Halafu sifa za bunti ya kujitoa mhanga: mpigaji anaugusa mpira kidogo tu na kukubali kutolewa ili mkimbiaji asogee. Mkimbiaji akiwa beisi ya kwanza bila aliyetolewa, timu za Ligi Kuu ya Marekani katika miaka ya 2010 zilitarajia karibu mikimbio 0.86 hadi mwisho wa inningi, yaani zamu yao ya kupiga, inayoisha wakitolewa watatu. Msogeze beisi ya pili kwa gharama ya mtu mmoja kutolewa, inashuka hadi karibu 0.66. Hata ukitaka mkimbio mmoja tu, uwezekano unabaki ukizunguka asilimia 40, pale pale. Bunti huanza kulipa mkimbiaji akiwa tayari beisi ya pili bila aliyetolewa, ambavyo ndivyo inningi za ziada za msimu wa kawaida zinavyoanza tangu 2020: kumpeleka ya tatu hupandisha uwezekano wa kupata mkimbio mmoja kutoka takriban asilimia 61 hadi 66. Timu ya nyumbani, ambayo hupiga ya mwisho, ikiwa sare, huo mmoja unatosha.