Kumalizia kisu kwa mkono si kukifanya king'ae

Siku hizi karibu kila kisu cha jua kali kinachouzwa mtandaoni hapa Nairobi kimeandikiwa "kimemaliziwa kwa mkono", na picha yake inaonyesha ubapa unaong'aa hadi taa za duka zinaonekana humo. Mteja mwingine naye akiletewa kisu cha kijivu kisicho na mng'ao, analalamika kwamba fundi hajamaliza kazi.

Kumalizia kwa mkono ni kusugua ubapa kwa msasa uliokunjwa kwenye kibao kigumu, mpaka mikwaruzo ya grenda iishe na ibaki ile tu ambayo fundi ameitaka. Watu hulisahau hilo la mwisho. Mikwaruzo haiondolewi yote. Inapunguzwa kina na kupangwa.

Chukua kisu kilichofuliwa Kamukunji kutokana na springi ya lori. Kikishatiwa ugumu, tupa haikiumi tena, kwa hivyo kazi ni ya msasa. Fundi huanza na msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) akisugua kwa mshazari upande mmoja, kisha 220 kwa mshazari wa upande wa pili. Mistari ikikatana hivyo, wowote wa 120 uliobaki unajifichua, na ukiuona unarudi kwenye 120. Hapo ndipo wengi huchoka. Mkwaruzo mzito ulioruka nao hadi 600 hautatoka. Utazidi kuonekana kadiri pengine panavyolainika. Maji ya sabuni au mafuta kidogo huondoa vumbi la chuma, na msasa ukiisha makali unatupwa. Kuubania msasa wa shilingi chache ni kujitesa bure.

Mivuto ya mwisho hutoka shingoni hadi nchani kwa mkupuo mmoja, pasipo kurudisha mkono. Ukiurudisha, mstari unajipinda mwishoni kama ndoana, na mafundi wakishika kisu cha mwenzao ndoana ndizo wanazotafuta kwanza.

Gurudumu la kitambaa la mashine ya kung'arisha ni jambo lingine kabisa. Linang'arisha haraka, ndiyo, lakini linaviringisha kona zilizotakiwa kuwa kali, na ule mstari safi ambapo mteremko wa makali unakutana na ubapa unayeyuka. Pia linapasha moto: makali membamba yakigeuka bluu, chuma kimeshafika karibu nyuzi 300 na ugumu umepungua. Isitoshe, likinasa ncha linakirusha kisu, na halichagui linamrushia nani.

Kunoa nako kusichanganywe humu. Ubapa humaliziwa kabla ya makali kutiwa, maana hakuna anayetaka kupitisha vidole kando ya wembe saa nzima.

Kung'aa si kosa. Mtu anaweza kufika huko kwa mkono pia, akipanda hadi 2000 na kumalizia kwa ngozi na dawa ya kung'arishia. Ni kazi ndefu na ina bei yake. Kwa hivyo wewe unayeuza, andika tu uliishia namba gani ya msasa, na kama mashine iliguswa, sema. Nawe mnunuzi, kabla hujamrudishia fundi kisu cha kijivu, kigeuze dirishani polepole. Mistari yote ikielekea nchani, bila mmoja uliokingama, mlipe.