Wasiwasi wa madaktari na wauguzi wakati wa janga: tuanze na mambo ya kushikika

Mhudumu wa afya anayeogopa wakati wa mlipuko hajapungukiwa ujasiri. Anaogopa kwa sababu anajua. Mapema mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokuwa imeshika kasi nchini China, utafiti wa wahudumu 1,257 katika hospitali 34 ulikuta asilimia 44.6 wana dalili za wasiwasi. Wauguzi, wanawake na waliohudumia wagonjwa ana kwa ana ndio waliolemewa zaidi.

Kwa maoni yangu, hotuba za kutiana moyo hazisaidii sana. Hofu kubwa ni ya kupeleka ugonjwa nyumbani, na inapanda wakati wa kuvua vifaa kinga. Asiye na hakika kama aligusa uso atakesha na swali hilo. Ndiyo maana nasisitiza watu wawili wawili: mmoja anavua, mwenzake anamsomea hatua kwa sauti. Glavu kwanza, kisha gauni likikunjwa nje kuingia ndani, mikono isafishwe, miwani ivuliwe kwa kushika mkanda wa nyuma, mtu atoke chumbani, barakoa iwe ya mwisho kwa kushika kamba, mikono tena. Kitakasa mikono kinahitaji sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji 40 hadi 60. Mwenzake akimwambia "umevua sawasawa", anaondoka na jibu.

Huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania kuna jambo la ziada. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Makete ziko juu zaidi, hivyo kipima oksijeni, kile kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni ya damu, husoma chini kidogo kuliko Dar es Salaam. Muuguzi aliyebanwa kifua akiona asilimia 94 anaweza kujihesabu mgonjwa. Kila mhudumu apimwe akiwa mzima, ametulia, vidole vikiwa na joto (baridi ya Juni na Julai huvuruga kipimo), na namba yake iandikwe. Shambulio la hofu huja ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika chache, vidole na midomo hufa ganzi, lakini oksijeni haishuki. Ikishuka chini ya kawaida yake na kubaki hapo, au kukiwa na homa au kikohozi, huyo apimwe ugonjwa wenyewe. Aliye na hofu tu avute pumzi kwa pua sekunde 4, aitoe polepole sekunde 6, kwa dakika tano. Asipumulie ndani ya mfuko: kama mapafu yana shida, atajidhuru.

Kupima wasiwasi ni rahisi: dodoso la GAD-7 lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikianzia 10, mtu afanyiwe tathmini kamili. Kuanzia 15 ni wasiwasi mkali. Linaharibika msimamizi wa wodi anapolikusanya yeye mwenyewe, maana kila mtu ataandika sifuri. Likusanywe na asiyepanga zamu.

Diazepamu, dawa ya kutuliza, iliyo kabatini isiwe dawa ya usingizi wa kila siku. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na mtu huingia zamu akili imelegea.

Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Afikishwe kitengo cha afya ya akili siku hiyohiyo, na zamu yake ishikwe na mwingine bila kuhesabiwa utoro.