Dhahabu ya ugenini: mambo tunayodanganyana kabla ya kupanda ndege

Kila nikirudi Geita lazima nikutane na kijana ataniuliza, eti kaka, ni kweli kule Australia watu wanaokota dhahabu porini na serikali haisemi kitu? Ndio nilienda, nilikaa kwa dada Melbourne wiki sita, na shemeji alinipeleka porini na ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, mara kadhaa. Ila jibu la hilo swali ni refu na mtu hana subira ya kulisikiliza, anataka neno moja tu aondoke nalo, na mimi nimeshaona watu wanauza kiwanja wananunua mashine na tiketi kwa sababu ya sauti ya WhatsApp iliyotumwa na mtu hawamjui. Kwa hiyo naandika hapa yote ninayoyajua, nikiulizwa tena natuma hii.

"Ukiokota ni chako, nani atakuuliza?"

Hii ndo mama wa dhana zote potofu. Sehemu kubwa ya dunia madini yaliyo ardhini ni mali ya serikali, siyo ya mwenye shamba wala ya aliyeyaona kwanza, kama ilivyo kwetu tu. Tofauti inakuja kwenye nani karuhusiwa kuyachukua na kwa masharti gani, na hapo kila nchi ina mambo yake, hata ndani ya Australia kila jimbo lina sheria yake tofauti na la jirani.

Jimbo la Victoria wao wameamua mtu wa kawaida aruhusiwe. Unanunua kibali mtandaoni kinaitwa Miner's Right, bei yake ni ndogo, kinadumu miaka 10, hata mtalii anapewa, na dhahabu utakayoipata ukiwa na kibali hicho ni yako kabisa. Na hicho kibali hakikuja kwa huruma ya mtu. Zamani wachimbaji walikuwa wanalipishwa leseni kila mwezi, upate usipate, na polisi wanawasaka mashimoni kama wezi, mpaka Desemba 1854 wachimbaji wa Ballarat wakajenga ngome yao ya magogo sehemu inaitwa Eureka, askari wakawavamia alfajiri na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka uliofuata leseni ile ikafutwa, ndo kikaja hiki kibali. Mimi nilivyosimuliwa hiyo stori pale pale Ballarat niliwakumbuka wachimbaji wetu wadogo jinsi wanavyohangaishwa, iligusa sana.

Sasa masharti. Unatumia zana za mkono tu, jembe, sururu, karai, na ditekta inaruhusiwa. Baruti hapana, mashine ya kuchimbia hapana. Hifadhi nyingi za taifa huingii, shamba la mtu mpaka akuruhusu, maeneo ya urithi ya wenyeji asilia wa nchi ile huyagusi kabisa, na shimo ulilochimba unalifukia kabla hujaondoka. Shemeji alikuwa mkali sana kwenye hilo la kufukia, hata kashimo ka sentimita kumi anakafukia na kutandaza majani juu.

Kwa hiyo ndio, Victoria ukiokota na kibali ni chako. Lakini chukua hiyo akili uende nayo Uingereza uone. Kule dhahabu na fedha iliyo ardhini ni ya Mfalme, na ukingo wa mto Thames pale London hata kuokota tu kwa macho bila kuchimba unatakiwa uwe na kibali.

"Hazina ya kale ni bahati yako, ukisema utanyang'anywa"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili, madini na mali ya kale. Punje ya dhahabu ni madini. Sarafu, pete, kikombe, upanga, hiyo ni mali ya kale na sheria yake ni nyingine kabisa, kwa kawaida ni kali zaidi. Ireland kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila idhini ni kosa la jinai, na Ufaransa lazima kwanza uombe ruhusa ya serikali.

Uingereza wana sheria ya hazina ya mwaka 1996. Ukipata kitu kinachohesabika kama hazina, mfano sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha za pamoja zilizozidi miaka 300, una siku 14 za kutoa taarifa. Makumbusho ikikitaka inalipa kwa bei ya soko, na kawaida nusu inaenda kwa aliyepata na nusu kwa mwenye ardhi. Ukiwa umeingia shambani bila ruhusa unaweza usipate hata senti.

Nawapa mifano miwili muone. Mwaka 1992 kijijini Hoxne, mzee mmoja anaitwa Eric Lawes alienda na ditekta kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Akakuta sarafu na vijiko vya Warumi. Hakuendelea kuchimba, alitoa taarifa, wataalamu wakaja wakatoa sarafu karibu 15,000 pamoja na vyombo na mikufu ya dhahabu, akalipwa pauni milioni 1.75 na akagawana na mkulima. Hata ile nyundo ilipatikana. Mfano wa pili, 2015 karibu na Leominster watu wawili walipata hazina ya enzi za Waviking, wao wakaamua kukaa kimya wauze sarafu kidogo kidogo kwa siri. Mwaka 2019 mahakama iliwafunga, mmoja miaka 10 na mwingine miaka 8 na nusu, baadaye rufaa ikapunguza lakini jela walienda, na sarafu nyingi za ile hazina hazijaonekana mpaka leo. Yani aliyesema alitajirika, walionyamaza ndo walionyang'anywa.

Na ukisema utabeba kwenye begi urudi nayo nyumbani, kitu cha kale chochote kilichozidi miaka 50 na kimetoka kwenye udongo wa Uingereza hakitoki nchini bila leseni.

Najua hii dhana inatoka wapi. Sisi tumekua na stori za mali ya Mjerumani, sijui kachora alama kwenye jiwe, sijui kafukia masanduku chini ya mbuyu akikimbia vita. Ukweli uliopo ni kwamba Tabora mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zina tembo upande mmoja, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na zilikuwa elfu 16 na ushee tu. Leo wakusanyaji wa sarafu wananunua kwa bei kubwa. Lakini kutoka hapo mpaka masanduku chini ya kila mbuyu ni mbali sana jamani, na hata hapa kwetu kuchimba mali ya kale bila kibali ni kosa tangu sheria ya 1964. Watu wanavunja makaburi ya wazee wetu kwa ajili ya hizi stori, inaniuma.

"Mashine ya kisasa inakuonyesha dhahabu ilipo, hata kilomita mbili"

Hapana, hapana. Ditekta halisi inatuma sumaku ya umeme ardhini na kusikiliza chuma au metali yoyote inavyojibu. Punje ndogo inaisikia sentimita chache tu chini, pande kubwa labda nusu mita au zaidi kidogo kulingana na mashine na udongo. Na haijui kutofautisha vizuri dhahabu na risasi ya bunduki, zote zinalia tamu. Siku yangu ya kwanza nilichimba mara 40 hivi, nilipata misumari, vifuniko vya kopo, maganda ya risasi, na mawe mekundu yenye chuma ndani ambayo yanalia kama dhahabu kabisa. Siku ya tatu ndo nikapata punje moja, ndogo kuliko punje ya mtama, na mgongo unauma balaa. Shemeji akasema nina bahati, kuna wanaomaliza msimu mzima bila kitu.

Zile mashine za antena mbili zinazoshikwa kama bastola, eti unaandika "gold" na antena inageuka kuelekea dhahabu, hizo hazina kitu ndani. Kuna Mwingereza anaitwa James McCormick alichukua wazo hilo hilo, antena juu ya mpini, akatengeneza vifaa akaviuza kwa jeshi na polisi wa Iraki eti vinagundua mabomu. Watu walivitumia kwenye vizuizi vya barabarani, mabomu yakapita. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Sasa hicho ndo kitu ambacho kijana wa Kahama anauziwa kwa mamilioni aende nacho Msumbiji.

"Hizo nchi dhahabu iko juu juu, unajikwaa nayo"

Hii ina chembe ya ukweli ndo maana haifi. Mwaka 1869 kijijini Moliagul, Victoria, John Deason na Richard Oates walikuta pande la dhahabu sentimita chache tu chini ya udongo kwenye mizizi ya mti, lilitoa zaidi ya kilo 70 za dhahabu, halikuenea kwenye mizani ikabidi likatwe vipande. Na mwaka 1980 jamaa mwingine na ditekta karibu na Kingower akapata lenye kilo 27. Ni kweli kabisa. Lakini hesabu miaka iliyopita kati ya hayo mawili, ni 111, alafu hesabu watu waliopita pale tangu watu walipoanza kukimbilia dhahabu 1851, maelfu kwa maelfu, na kati ya wote tunawajua wawili watatu tu. Waliobaki hawana stori ya kusimuliwa.

"Afrika ni ndugu, vuka tu mpaka"

Hapa ndo naomba msome taratibu maana ndo panaumiza watu wetu wengi. Nchi nyingi za Afrika zimetenga uchimbaji mdogo kwa raia wake tu. Kwetu leseni ndogo, ile PML, anapewa Mtanzania. Kenya vibali vya wachimbaji wadogo ni vya raia. Congo kadi ya mchimbaji mdogo anapewa Mkongomani mtu mzima, wewe Mtanzania hata uwe na mke Bukavu na Kiswahili unakiongea vizuri kuliko wao, kadi hupati. Ghana ndo kabisa, marekebisho ya sheria ya 2019 yameweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa uchimbaji haramu.

Na Msumbiji tusisahau. Rubi zilipoonekana Montepuez mwaka 2009 vijana wetu walivuka wengi sana, wengine walipata wakajenga nyumba, na hao ndo walioita wenzao. Mwanzoni mwa 2017 polisi wa kule wakaendesha operesheni, Watanzania wengi wakafukuzwa, wakarudi wanalalamika wamepigwa na wamenyang'anywa kila kitu. Huna kibali, unamshtaki nani? Mkataba wako na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ulikuwa wa mdomo, mzigo wako hauna karatasi, na ukiumia shimoni jina lako halipo popote. Ndugu zetu walifukiwa kule na kwao hakuna aliyejua wiki nzima.

"Kuna dhahabu ya bei nusu, mwenyewe ana haraka"

Hii inawapata wageni wanaokuja Nairobi na Kampala, na watoto wetu wa diaspora pia. Bei ya dhahabu inajulikana dunia nzima saa hiyo hiyo kwenye simu, hata mchimbaji mdogo anaiangalia. Anayekuuzia kwa nusu bei hana dhahabu. Tanzania tangu 2019 kuna masoko ya madini, Geita likiwa la kwanza, unapimiwa mbele ya macho, unalipia kodi, unapewa karatasi. Mtu anayekukwepesha soko na kukupeleka kwenye nyumba yenye maboksi na walinzi, geuza gari.

"Meli iliyozama haina mwenyewe"

Kampuni ya Kimarekani Odyssey ilitangaza mwaka 2007 imetoa baharini tani 17 hivi za sarafu. Hispania ikasema hiyo ni meli yetu ya kivita Mercedes iliyozama 1804, kesi ikaenda mahakama za Marekani, na 2012 mzigo ukapandishwa ndege kurudi Hispania. Miaka zaidi ya 200 chini ya maji na mwenyewe alikuwepo.

"Jiwe zito, ditekta imelia, basi ni dhahabu"

Mwaka 2015 karibu na Maryborough, kule kule Victoria, bwana mmoja alipata jiwe jekundu la kilo 17, akaamini ndani kuna dhahabu. Akajaribu msumeno, grainda, drili, tindikali, nyundo kubwa, halikufunguka. Baada ya miaka akalipeleka makumbusho ya Melbourne, kumbe ni kimondo, umri wake miaka bilioni 4.6, na wataalamu wakasema ni adimu kuliko dhahabu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Geita alinionyesha jiwe lake la kung'aa, anataka kuuza pikipiki alipeleke Dubai, kaambiwa kule watalinunua bila maswali. Nikamwambia tulipime kwanza. Unapima jiwe likiwa kavu, alafu unalifunga uzi unalining'iniza ndani ya ndoo ya maji uzi ukiwa kwenye mizani, unachukua uzito mkavu unagawanya kwa tofauti ya hizo mbili. Dhahabu safi inatoka 19. Lake kavu gramu 380, kwenye maji 304, tofauti 76, jibu 5. Hiyo ni pairaiti, jiwe la kung'aa ambalo watu wanalidhania dhahabu. Tukaligonga na nyundo likapasuka vipande vipande, wakati dhahabu ingebonyea tu bila kupasuka. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama ile mizani naweza kumwachia, nyumbani ana mengine manne.