Je, wajua vile gesi ya maji taka inasaidia stima saa moja usiku?

Saa moja usiku Mombasa feni ziko mbio, tivii zimewaka, mwenye kibanda cha juisi blenda yake hailali, na hapo ndipo gridi ya Kenya hulemewa zaidi. Mimi kwa miaka nilidhani gesi ya maji taka kazi yake ni kuwashia watu stima majumbani, yaani choo chako kiwashe balbu yako. Sivyo, na wengi ninaoongea nao wanaanzia hapo hapo. Hesabu yenyewe inakataa: mita 1 ya ujazo ya gesi hiyo ikiendesha jenereta unapata kama yuniti 2 tu, mji hauwaki kwa hiyo. Ila mtambo wa kusafisha maji taka wenyewe unakula stima vibaya sana, pampu usiku na mchana, na zile mashine za kupulizia hewa bakteria wanaosafisha maji peke yake mara nyingi zinamaliza karibu nusu. Kwa hivyo jenereta ikiwashwa hapo hapo mtamboni saa moja mpaka saa tatu, mtambo unaachana na gridi kwa muda, na stima ambayo ungeivuta inabakia watu.

Sasa gesi inangojaje hadi usiku? Ni kama mfereji wa mtaani unaotiririka kidogo kidogo alfajiri, huwezi kuulazimisha ukimbie jioni, unatega mtungi, jioni unachota. Tope la maji taka, ndilo linalotoa gesi, linakaa kwenye tangi lisilo na hewa, joto kama digrii 35, wiki mbili tatu hivi, na bakteria wa humo hawajui saa, wanatoa gesi polepole tu. Ukiwarundikia tope ghafla ili wafanye haraka asidi inazidi na wale wa kutoa methani, ile gesi inayowaka, wanadhoofika. Mtungi wenyewe ni puto kubwa juu ya tangi, nalo kwa kawaida linabeba gesi ya masaa, si ya siku nzima. Ile hewa ya kupulizia bakteria wa maji pia yaweza kupunguzwa kidogo jioni ili kuokoa stima, lakini ukizidisha amonia kwenye maji inapanda.

Oakland, Marekani, tangu 2012 mtambo wao wa maji taka unazalisha stima nyingi kuliko unayotumia. Huku kwetu Kipevu kuna mtambo wa maji taka na vituo vya stima eneo moja, ila nyumba nyingi bado ni choo cha shimo au septiki, na tope likishakaa huko miaka gesi yake nyingi imeshatoka kabla lori la kunyonya halijafika.