Mafuta ya kunukia na mitishamba wakati wa mimba na uchungu: maswali ya akina mama wa Mtwara na Lindi

Mafuta ya kunukia ni yapi, na yanatofautianaje na mafuta ya ufuta au nazi?

Ufuta, nazi na karanga hutoa mafuta mazito, ya kupikia na ya kujipaka. Mafuta ya kunukia ni ile harufu ya mmea iliyotengwa, mara nyingi kwa mvuke, ikatiwa kwenye kichupa cha mililita 10 au 15: karafuu, mchaichai, mkaratusi, mnanaa, lavenda. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta machache sana. Kwa hiyo anayesema "si mchaichai tu, mbona tunaunywa kila siku" analinganisha vitu viwili visivyolingana. Kikombe cha chai kina chembe tu za mafuta hayo, kichupa kina mafuta matupu.

Ukitaka kujua umeuziwa nini, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uiache mpaka kesho yake. Mafuta halisi ya kunukia huruka hewani na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Doa la kung'aa kama la andazi likibaki, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Hayo hayana hatari zaidi, ila hesabu ya matone tutakayoitoa hapa chini haitakuwa na maana.

Nina mimba. Naweza kuyapaka?

Miezi mitatu ya kwanza yaache kabisa. Ndio wakati viungo vya mtoto vinaumbwa, na hakuna shida ya mama katika kipindi hicho ambayo mafuta haya pekee ndiyo yanaweza kuiondoa. Baada ya hapo, lavenda au chungwa tamu vinaweza kutumika kwenye ngozi, kwa kipimo hiki: tone 1 kwa kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha mafuta ya nazi au ufuta. Ukitengeneza chupa ya mililita 30, ni matone 6. Usizidishe kwa sababu hunusi kitu. Pua huzoea harufu upesi, ngozi haizoei.

Kabla ya kujipaka, jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 24. Pakiwasha au kuwa pekundu, osha kwa sabuni na usitumie tena. Mwenye pumu asitumie bila kuuliza, maana harufu kali inaweza kumbana kifua.

Kosa linalojirudia ni kudondosha mafuta kwenye beseni la maji ya kuoga. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yanaelea juu, na ukijimwagia yanakugusa yakiwa makali vilevile kama yalivyotoka kichupani, tena sehemu laini ndizo zinazoungua kwanza. Na mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye ganda yakipakwa asubuhi kisha ukatoka na jua letu hili, ngozi inaweza kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi. Usiyanywe mafuta yoyote ya kunukia, hata tone moja ndani ya asali, wala usiyaweke ukeni.

Je, ya kuchua mgongo ninayonunua dukani?

Soma kilichoandikwa kwenye kopo. Mengi yana kafuri au methili salisileti. Kafuri hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ikimezwa huleta degedege kwa mtu mzima. Methili salisileti ni ndugu wa aspirini: kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake matupu kina nguvu ya vidonge zaidi ya 20 vya aspirini, na dawa za jamii hiyo hazifai kwa mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20. Kopo la kuchua halina nguvu kiasi hicho, lakini kuchua mgongo mzima kila usiku kwa mwezi si jambo dogo.

Mgongo wa mimba unatulizwa na mafuta matupu ya ufuta. Kaa umeegemea mbele juu ya mto, mwenzako akandamize kwa kiganja pande mbili za kiuno, si katikati ya uti. Lindi na Mtwara ufuta haujatuishia, kwa nini tuhangaike na kopo?

Tangawizi kwa kichefuchefu, kiasi gani?

Unga, gramu 1 kwa siku, ambayo ni kama nusu kijiko cha chai, igawanywe mara tatu au nne. Mbichi, vipande vichache vyembamba kwenye maji ya moto. Ukizidisha, kiungulia kitakuwa kibaya kuliko kichefuchefu chenyewe. Ila usiipike pamoja na majani ya chai halafu ukanywea vidonge vya damu. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, basi acha saa moja au mbili kati ya chai na kidonge. Ukitapika kila kitu, maji hayakai na mkojo umekuwa wa rangi nzito, tangawizi haiwezi tena. Nenda kituoni ukawekewe dripu.

Juisi ya choya (rozela) inaongeza damu?

Rangi yake nyekundu ndiyo imeipa sifa hiyo. Yenyewe haina chuma cha kutosha kuponya upungufu wa damu. Vidonge vya kliniki vina miligramu 60 za chuma kila kimoja, na hakuna jagi la choya linalofikia hapo. Kwa kuwa choya hushusha presha, asiyekuwa na presha kubwa asiinywe kama maji.

Mama mkwe ameniletea dawa ya chango, na mwarobaini wa kuzuia malaria. Namkatalia vipi?

Usimvunjie heshima. Mwambie kliniki wamekuuliza unakunywa nini, na wamesema dawa isiyojulikana kipimo isubiri mpaka mtoto azaliwe. Ni kweli, hilo ndilo wanalosema.

Ugumu wa dawa ya chango ni kwamba jina ni moja, mizizi ni mingi. Ya Newala si ya Kilwa, na hata mganga yuleyule mwaka huu anaweza kuchimba mzizi mkubwa kuliko wa mwaka jana. Tumbo linalouma kwa mjamzito linaweza kuwa maambukizi ya mkojo, uchungu wa kabla ya wakati au kondo lililobanduka, na kikombe cha chango kinachelewesha kujua ni lipi.

Mwarobaini ukinywewa mimbani una sifa mbaya: kwa wanyama umeonekana kuharibu mimba, na mafuta yake yamewahi kuwatia watoto wachanga sumu. Malaria kwa mjamzito huzuiwa na chandarua chenye dawa na SP (dawa ya malaria ya kliniki), vidonge vitatu vinavyomezwa kwa pamoja mbele ya muuguzi kuanzia mwezi wa nne, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi mmoja au zaidi. Mlonge nao una pande mbili. Majani yapike kama mboga bila wasiwasi, lakini mizizi na magome yake usiyaguse, kwa sababu hukaza mfuko wa uzazi.

Uchungu umeanza na hauendi. Dawa ya kuongeza uchungu ina ubaya gani, wakati hospitali nao wanaongeza?

Swali zuri, na jibu lake linahitaji kuelewa misuli ya mfuko wa uzazi inavyofanya kazi. Inapokaza, mishipa ya damu inayopita ndani yake inabanwa, na mtoto anaishi kwa hewa aliyokwisha kuipata. Inapolegea, damu inarudi kwenye kondo na mtoto anapata hewa tena. Yaani mapumziko kati ya uchungu na uchungu ndiyo pumzi ya mtoto. Ukiweka mkono tumboni ukahesabu kwa dakika 10, uchungu wa kawaida haupiti mara 5, na kila mara tumbo lazima lirudi kuwa laini kabisa. Dawa ya mizizi ikishika, tumbo linaweza kukaa gumu kama ubao bila kulegea. Mtoto anachoka, anajisaidia tumboni, maji yanatoka ya kijani.

Hospitali wanaongeza, ni kweli, lakini kwa dripu inayohesabiwa matone, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Yakiharibika, dripu inafungwa, na nguvu yake huisha ndani ya dakika chache. Kikombe kilichokwisha kumezwa hakifungwi.

Pili, uchungu usioenda mara nyingi una sababu: mtoto amelala vibaya, au kichwa hakipiti kwenye nyonga. Kusukuma kwa nguvu mlango uliofungwa huvunja ukuta. Mfuko wa uzazi ukipasuka, mama hutoka damu ndani kwa ndani na maumivu ya uchungu hukatika ghafla, na watu wa nyumbani huweza kudhani amepata nafuu. Walio hatarini zaidi ni wenye kovu la upasuaji na waliozaa mara nyingi.

Kinachosaidia bila madhara ni kutembea, kubadilisha mkao, kukojoa kila saa mbili (kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka), uji mwepesi, na mtu wa kukaa naye. Mimba ya kwanza, njia ikishafika sentimita 5, inaweza kuchukua hadi saa 12 na ikawa ya kawaida tu.

Mafuta ya nyonyo je?

Ni dawa ya kuendesha. Asidi yake huchokoza utumbo na mfuko wa uzazi pamoja, hivyo huweza kuleta uchungu, lakini pia kuhara, kutapika na kukaukiwa maji, na mama anaingia leba akiwa hana nguvu. Usiyanywe nyumbani. Mbegu zenyewe zina sumu kali.

Ukitaka kitu cha kula wiki nne za mwisho, kula tende. Utafiti mdogo wa Jordan uliotolewa mwaka 2011 ulikuta waliokula tende 6 kila siku walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi ya wenzao. Mwenye kisukari asijaribu.

Nimeshakunywa dawa. Nikisema kituoni nitagombezwa.

Sema hata hivyo, na ubebe kichupa au mabaki ya mizizi. Mkunga akijua hatakuwekea dripu ya uchungu juu ya dawa nyingine inayokaza. Hizo mbili zikikutana ndipo mambo huharibika. Kama ni mafuta ya kunukia yaliyomezwa, usijitapishe, kwa sababu yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usafiri ukiwa shida, hasa masika njia ya kwenu ikiwa haipitiki kwa bodaboda, piga 115 bila malipo kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga.

Baada ya kujifungua, kukandwa kunafaa?

Kukandwa mgongo, miguu na mikono kwa kitambaa cha maji ya moto kunaburudisha, hakuna wa kukukataza. Anayekukanda apime maji kwa kiwiko chake kwanza. Tumbo lisikandamizwe, na mwenye mshono wa upasuaji asikandwe tumbo kabisa. Kwa sehemu za siri, kaa kwenye beseni safi la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, maji matupu, bila majani wala mafusho. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, acha kila kitu uende kituoni.

Na mtoto?

Mchue kwa mafuta ya nazi matupu. Kafuri na mentholi zisikaribie pua wala kifua chake, zinaweza kumkaba koo akaacha kupumua. Kitovu kibaki kikavu, bila mafuta wala majivu, isipokuwa dawa uliyopewa kituoni. Wanja usimpake, mwingi una madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu.

Jambo moja husahauliwa. Nguo za mtoto aliyetangulia huwa zimetunzwa sandukuni na vidonge vya nondo. Vidonge hivyo mara nyingi ni naftalini, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao si haba kwenye maeneo ya malaria kama kwetu, mvuke wake hupasua chembe nyekundu za damu, mtoto akawa wa manjano. Zifue, zianike nje siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, ndipo umvalishe.