Sakura Haruno hakukosa muda, alikosa jambo lake

Swali la kama Sakura Haruno alitendewa haki katika Naruto, manga (katuni ya Kijapani) kuhusu vijana ninja wa kijiji cha Konoha, halijapoa tangu ilipomalizika Novemba 2014. Kuna wanaosema mwandishi alimtupa. Kuna wanaomtetea kwa hesabu: yumo tangu mwanzo katika Kikosi cha Saba pamoja na Naruto na Sasuke, chini ya mwalimu wao Kakashi, alifundishwa na Tsunade, tabibu na Hokage (mkuu wa kijiji) wa Tano, na alikuwepo hadi pambano dhidi ya Kaguya, adui wa mwisho. Wote wawili wanapima wingi, yaani vipindi vingapi, mapambano mangapi, ngumi ngapi. Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada ya katuni na tamthilia, na kipimo hicho hakijawahi kunisaidia. Mhusika msaidizi anaweza kuonekana katika vipindi mia asikue hata kidogo. Mwingine hupewa dakika kumi, na watazamaji wakamzungumzia miaka.

Ninapopokea mswada, kwa kila mhusika msaidizi nauliza mambo mawili. Anataka nini ambacho ni chake mwenyewe, si cha mhusika mkuu? Na akishakata shauri, je, hadithi inageuka kwa sababu yake, au inaendelea kana kwamba hakusema neno?

Waliosoma fasihi sekondari wanawakumbuka mhusika bapa (asiyebadilika), mhusika duara (anayekua na kubadilika) na mhusika shinda. Huyu wa tatu husimama katikati, na humtegemea mhusika mkuu ili aonekane. Si aibu kuwa shinda, kwani hakuna hadithi ndefu inayoweza kwenda bila watu wa aina hiyo. Uchungu wa Sakura ni kwamba mwandishi, Masashi Kishimoto, alimpanda kama mhusika duara, akammwagilia mara mbili tatu kwa ustadi mkubwa, kisha akamvuna kama shinda.

Tazama alivyopandwa. Katika safari ya Nchi ya Mawimbi, Kakashi anawapa wanafunzi wake zoezi la kupanda mti kwa miguu bila kushika kwa mikono. Naruto na Sasuke wanaanguka. Sakura anafika juu kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa anaitawala chakra yake, nguvu ya ndani ya ninja, kuliko wote wawili. Huyu ni msichana wa familia ya kawaida, asiye na ukoo wenye macho ya ajabu kama Sasuke wala mnyama aliyefungiwa tumboni kama Naruto. Ana akili na usahihi, basi. Mwandishi ametuambia mapema silaha yake ni ipi. Kisha anamwacha amlinde Tazuna, mjenzi wa daraja, na zoezi lenyewe linageuka kuwa mashindano ya wavulana wawili.

Halafu unafika Msitu wa Kifo, sehemu ya mtihani wa Chunin (cheo cha ninja), na hapa sina budi kukaa, maana ni miongoni mwa kurasa bora za manga nzima. Naruto na Sasuke wamezimia. Ninja watatu wa Kijiji cha Sauti wamewavamia. Kin, mmoja wao, amemkamata Sakura nywele na anamdhihaki kwa kuzitunza badala ya kufanya mazoezi. Tunajua kwa nini alizifuga: zilikuwepo tetesi kwamba Sasuke anapenda wasichana wenye nywele ndefu. Sakura anachomoa kunai, kisu cha ninja, nasi tunadhani atamchoma adui. Anazikata nywele zake mwenyewe. Anajieleza kwamba siku zote amekuwa akitazama migongo ya wenzake, na sasa ni zamu yao kuutazama wake.

Pale zimo haja, uamuzi na gharama, vyote katika kitendo kimoja ambacho hakihitaji jutsu (mbinu ya kininja) yoyote. Hata hashindi. Anapigwa, anamng'ata Zaku, mwenzake Kin, mkono asimwachie, anapigwa tena, mpaka Ino, Shikamaru na Choji, vijana wenzake wa Konoha, wanatokea. Lakini hadithi inalikumbuka tendo lile: Sasuke anapozinduka anamwona jinsi alivyoumizwa, na baadaye Ino anapopambana naye katika mchujo wa mtihani wa Chunin, pambano lao linatokana na historia yao wenyewe, tangu utotoni, wakati Sakura alipokuwa akichekwa kwa paji lake la uso na Ino akampa utepe. Wanaanguka wote wawili, hakuna mshindi. Nimesikia watu wakiliita pambano dhaifu. Kwangu mimi ndilo pambano la mchujo ambalo wahusika wake wawili wanatoka wakiwa watu tofauti na walioingia.

Baada ya hapo Sasuke anaondoka Konoha. Sakura anamsihi abaki, anaachwa amezimia kwenye benchi, na anamwomba Naruto amrudishe. Naruto anatoa ile ahadi ya maisha. Jambo la Sakura sasa limeshikwa na mtu mwingine. Naruto aliporudi mikono mitupu, Sakura alifanya uamuzi wake wa pili mkubwa: alimwendea Tsunade, akaomba afundishwe. Mafunzo yenyewe hatukuyaona kwa kina. Miaka miwili na nusu ikarukwa.

Shippuden, sehemu ya pili ya hadithi, inapoanza, anavuna alichokisomea. Katika kijiji cha Sunagakure wameshindwa kumponya Kankuro, ninja wao aliyetiwa sumu na Sasori. Sakura anaitoa sumu mwilini mwake, anaichunguza, anatengeneza dawa ya kuiua. Kisha yeye na bibi Chiyo wa kijiji hicho wanapambana na Sasori na vikaragosi vyake, na dawa ile ile aliyoitengeneza ndiyo inayowaweka hai pangoni. Usahihi uliopandwa kwenye mti wa Nchi ya Mawimbi ndio unaomwangusha mmoja wa Akatsuki, kundi la ninja waasi. Hii ni kazi safi ya uandishi.

Na kuna zaidi. Kabla ya kufa, Sasori anamwambia Sakura kwamba ana miadi ya kukutana na jasusi wake aliyeko kwa Orochimaru, adui ambaye Sasuke alimfuata, kwenye daraja la Tenchi. Hadithi yote inayofuata inatoka katika habari hiyo. Basi kwa kipimo changu Sakura anapasi? Kwa nusu. Hadithi iliichukua habari ikamwacha aliyeileta. Darajani kiongozi wa kikosi ni Yamato, siri ni ya Kabuto, yule jasusi, hasira ni ya Naruto, na mchango wa Sakura unaokumbukwa zaidi ni kumkimbilia Naruto akiwa ameota mikia minne ya mnyama aliye ndani yake, akapigwa na kujeruhiwa mkono. Msichana aliyetoka kuua mwanachama wa Akatsuki anatumika kupima ukali wa mtu mwingine. Hakuna anayemtazama kwa jicho jipya, na hata yeye mwenyewe haonekani kujiona tofauti.

Linganisha na Shikamaru. Hidan wa Akatsuki anamuua Asuma, mwalimu wake. Shikamaru analia, anakaa na baba yake mbele ya ubao wa shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, anapanga, anarudi vitani, na anamfukia Hidan katika shimo kwenye msitu wa ukoo wa Nara. Katika anime, yaani katuni ya televisheni, tangu safu ile inapoanza hadi inapofungwa, havifiki vipindi 20, na katika vingi vya hivyo Kakashi na Naruto nao wana kazi zao. Lakini angalia kilichobaki. Asuma alimwachia fumbo la shogi: mfalme ni nani? Jibu ni watoto wa kijiji ambao hawajazaliwa, na Kurenai, mpenzi wa Asuma, ana mimba. Shikamaru anajitwika malezi ya mtoto yule, na tangu hapo kila anapozungumza tunamsikia mtu mwenye deni. Muda alioupata ni mdogo kuliko wa Sakura. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Shikamaru hakukuzwa.

Au mtazame Hinata, msichana anayempenda Naruto, wakati Pain wa Akatsuki anaishambulia Konoha. Ni kipindi kimoja. Naruto amebanwa ardhini, Hinata anajua hawezi kushinda, anaingia hivyo hivyo na kusema anachokitaka kwa maneno yake mwenyewe. Anaangushwa, na kwa sababu hiyo vita vyote vinabadilika, kwa kuwa Naruto anapoteza udhibiti wa Mkia Tisa, yule mnyama wa tumboni mwake. Tendo la muda mfupi, hadithi ikapinda.

Sasa twende Nchi ya Chuma, mahali ambapo nadhani Sakura alipotezwa hasa. Vijana wenzake wameafikiana kwamba Sasuke, ambaye sasa ni mhalifu anayesakwa, lazima azuiwe, hata kwa kuuawa. Sai, mwenzake wa kikosi, amemfungua macho kwamba ahadi ile ya zamani imekuwa mzigo kwa Naruto. Sakura anasafiri kwenye theluji na kumwambia Naruto kwamba anampenda, ili amvue ahadi. Naruto anakataa, akisema anawachukia watu wanaojidanganya wenyewe. Sakura anawalaza usingizi kwa dawa wenzake aliosafiri nao, anamfuata Sasuke peke yake, na mkononi ana kunai iliyopakwa sumu.

Ukitoa kwa muda hisia zako juu ya ule uongo wa mapenzi, utaona kwamba mwandishi amemweka msichana wa miaka 16 mbele ya jambo zito kuliko yote aliyowahi kupewa: kumuua anayempenda ili kumwokoa anayemthamini, akitumia ujuzi aliousomea kwa ajili ya kuponya. Mhariri yeyote angeuona utajiri uliomo humo. Anafika nyuma ya Sasuke, mkono unagoma. Sasuke anageuka kumuua. Kakashi alikwisha kumwokoa mara moja. Safari hii ni Naruto.

Kushindwa kwake si kosa la uandishi. Mkono unaogoma ni ukweli wa kibinadamu, na wahusika wengi wazuri wameshindwa. Kosa ni ukimya unaofuata. Naruto na Sasuke wanaongea, wanapanga kufa pamoja siku moja, na suala la Sakura linafungwa bila kufunguliwa. Hakuna anayemuuliza, si Kakashi, si Tsunade, ilikuwaje kushika ile kunai. Hajiulizi. Tangu siku ile haja yake inarudi kuwa ile ile ya benchi, kusubiri wavulana wawili wamalizane, japo sasa ana nguvu za kutisha mkononi.

Ndiyo maana vita vya mwisho haviniridhishi, ingawa ndimo alimopewa mengi. Anafungua muhuri wa Byakugo baada ya kuhifadhi chakra kwa miaka mitatu. Anapasua ardhi kwa ngumi. Anamtambua Zetsu Mweupe, kiumbe wa upande wa adui, aliyejigeuza Neji, ninja wa Konoha, ndani ya hema la wagonjwa. Naruto anapokaribia kufa, Sakura anampasua ubavuni na kuuminya moyo wake kwa mkono ili damu iendelee kutembea. Picha ile inanitetemesha kila ninapoiona. Lakini hata pale, mawazo yake yote ni juu ya ndoto ya Naruto ya kuwa Hokage. Yake ni ipi? Na kabla ya pambano la mwisho kabisa, la Naruto na Sasuke bondeni, anapomsihi Sasuke, anazimishwa kwa genjutsu, mbinu ya kiini macho, na kuachwa chini. Baada ya sura karibu 700, amerudishwa alikolala mwanzo.

Wapo wanaoamini kwamba studio ya anime ingeweza kuliziba pengo hili, maana Pierrot ilikuwa na nafasi tele: vipindi 220 vya Naruto kuanzia 2002 na vipindi 500 vya Shippuden vilivyoishia 2017. Mimi siamini. Anime ya kila wiki ikikaribia kuipita manga, hutengenezwa vipindi vya kujazia, na vipindi hivyo vina sharti moja gumu: vikiisha, kila mhusika awe pale pale manga ilipomwacha. Sakura alipewa safari na mapambano mengi humo. Hakuna kati ya hayo kilichoweza kumbadilisha, kwa kuwa wiki ambayo hadithi ya asili ingerejea, mabadiliko hayo yangekuwa kosa. Hata majina ya wazazi wake tuliyapata katika filamu ya 2012, manga ikiwa na miaka kama 13. Upande wa manga nao, sura hutoka kila juma katika jarida la wavulana ambalo wasomaji wake hupigia kura hadithi wanazozipenda. Mwandishi aliyebanwa na ratiba ile hukimbilia uhusiano unaobeba hadithi, na katika Naruto uhusiano huo ni wa wavulana wawili. Naelewa sababu. Sikubali kwamba hapakuwa na njia.

Njia ilikuwepo, na inajulikana. Riwaya fupi iliyotoka 2015, isiyoandikwa na Kishimoto, inamwonyesha Sakura baada ya vita akianzisha kliniki ya afya ya akili kwa watoto. Fikiria jambo hilo dhidi ya hadithi nzima. Naruto alikua akitengwa na kijiji kizima. Gaara wa Sunagakure hakuweza kulala usingizi. Sasuke aliona maiti za ukoo wake angali mtoto. Vita vyote vile vimetokana na watoto walioumizwa bila mtu wa kuwatibu, na katikati yao yupo tabibu kijana aliyewajua kwa karibu. Hilo ndilo jambo la Sakura, nalo lilikuwa pale tangu siku alipomwendea Tsunade.

Mswada ule ungepita mezani kwangu, nisingemwomba Kishimoto hata pambano moja la ziada. Ningemwomba kurasa mbili baada ya Nchi ya Chuma, Sakura amekaa na Tsunade, anasema kwa nini mkono uligoma: kwamba aliyekuwa mbele yake si adui bali mgonjwa ambaye hakuna aliyemshughulikia tangu akiwa na miaka saba. Kisha ningeomba kwamba atakaposimama tena mbele ya Sasuke, karibu na bonde lile, aseme hayo badala ya kusema anampenda.